Kabla Hujalipa Karo ya Kozi ya Kuhudumia Wagonjwa

Ukitoka Muthurwa ukafuata Jogoo Road hadi Donholm, kisha ukakata kuelekea Umoja na Kayole, hutakosa kuona tangazo la kozi hii. Limebandikwa kwenye nguzo ya stima, kwenye ukuta wa steji ya Mutindwa, hata kwenye kioo cha nyuma cha matatu. Moja linaiita Nurse Aide, jingine Caregiver, jingine Patient Attendant. Majina ni mengi lakini kazi inayolengwa ni moja: kumwosha, kumlisha, kumgeuza na kumtunza mtu asiyejiweza, chini ya uangalizi wa muuguzi. Muda ni wiki sita hapa, miezi mitatu pale, miezi sita kwingine. Karibu kila tangazo lina picha ya dada mwenye sare safi na stethoskopu shingoni, na chini yake ahadi ya kazi ng'ambo.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umemaliza kidato cha nne na unatafuta ujuzi wa kukuingiza kazini haraka, au ikiwa wewe ni mzazi unayeombwa karo hiyo, au ikiwa tayari unamhudumia mzee wa watu Buruburu bila karatasi yoyote mkononi. Nauandika kwa uchungu kidogo, kwa sababu karo hizi mara nyingi hutoka kwenye chama, au kwa mama anayeuza mboga kando ya barabara, na cheti kisichokubalika popote huwa kimemla mtu jasho la miezi. Kazi yenyewe ni ya heshima na inahitajika sana. Ndiyo maana haifai kuingiliwa kwa papara.

Neno langu kubwa ni hili: cheti hakina thamani kwa sababu ya muhuri wake unaong'aa. Kina thamani kwa sababu ya aliyekutahini, na kwa sababu ya wagonjwa uliowagusa kwa mikono yako kabla hujakipata. Mengine yote hapa chini yanatoka hapo.

Hutakuwa muuguzi, na hilo si tusi

Nchini Kenya kazi ya uuguzi inalindwa na Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linaloidhinisha vyuo vya uuguzi, linalotahini na linalotoa leseni. Ili uwe muuguzi wa diploma, KCSE yako iwe na wastani wa C, na C katika Biolojia, na C katika Kiingereza au Kiswahili, pamoja na C- katika Hisabati, Fizikia au Kemia. Digrii huanzia C+ na huchukua miaka minne. Kozi ya miezi mitatu katika ghorofa ya pili juu ya duka la dawa haiwezi kukuvusha ukuta huo, hata mwenye chuo akisema nini. Akikuambia kozi yake inatambuliwa na Baraza, mwambie akuonyeshe jina la chuo chake katika orodha ambayo Baraza lenyewe hutoa kwa umma. Orodha hiyo haifichwi, na wewe unaweza kuitafuta kwa simu yako ukiwa umeketi mbele yake.

Nitasema jambo ambalo wenye vyuo hawatapenda. Ikiwa una C yako na Biolojia yako iko sawa, na ndoto yako ni uuguzi, usianze na kozi fupi ukidhani ni njia ya mkato. Haikupunguzii hata muhula mmoja. Omba nafasi KMTC kupitia KUCCPS, au uliza habari za vyuo vingine vilivyoidhinishwa. Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka wa 1926 na ambako nusu ya Eastlands imezaliwa, ina chuo chake cha uuguzi. Kozi fupi inakufaa ikiwa alama hazikutosha, au ikiwa unahitaji mshahara mwaka huu ili ujilipie masomo mwaka ujao. Hizo ni sababu nzuri. Ila uingie ukijua unanunua nini.

Mpaka huu kati ya mhudumu na muuguzi si wa karatasi tu. Utaukuta nyumbani kwa mgonjwa. Familia itakuita "nasi" kuanzia siku ya kwanza, na siku ya tatu itakuomba umdunge shosho insulini kwa sababu binti yake amechelewa kwenye foleni ya magari Outering. Usidunge. Hujaruhusiwa kudunga sindano, kuweka dripu, kuingiza mpira wa mkojo, wala kubadilisha kipimo cha dawa kwa sababu presha leo imepanda. Kazi yako ni kumkumbusha mgonjwa dawa alizoandikiwa, kumwona akizimeza, kuandika saa, na kupiga simu mara moja ukiona mabadiliko. Chuo kinachokuvutia kwa kusema "hapa utafundishwa kudunga" kinakuandalia kesi. Sukari ikishuka ghafla kwa dozi uliyotoa wewe, hakuna cheti cha kozi fupi kitakachosimama upande wako.

Usichanganye pia kazi hii na ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wa vifaa. Mpango wao ulizinduliwa upya na serikali Septemba 2023 ukiwa na wahamasishaji wapatao 100,000 nchi nzima, nao huteuliwa mitaani mwao na kupewa posho. Hawalipi karo kwa chuo chochote ili waingie. Mtu akikuuzia "nafasi" hiyo, anakuibia.

Nani ametia sahihi

Kuna taasisi nne ambazo majina yake utayaona kwenye matangazo, na ni lazima uyatofautishe, maana vyuo hupenda kuyarusha yote kwa pamoja ili usiulize.

TVETA ni mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi na Anuwai ya mwaka 2013. Inasajili vyuo, inaidhinisha kozi, na inawapa walimu leseni. Elewa vizuri hapa: chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kozi ya kompyuta na ususi wa nywele, kikaongeza kozi ya kuhudumia wagonjwa bila idhini. Cheti kilichotundikwa ukutani kitakuwa cha kweli kabisa, na kozi yako iwe haimo. Kwa hiyo swali si "mmesajiliwa?" bali ni "naomba kuona barua ya TVETA inayotaja kozi hii kwa jina."

TVET CDACC ni baraza linaloandaa mitaala inayopima ujuzi, linalotahini na kutoa vyeti. Vyeti vyake vimepangwa kwa ngazi: ngazi ya 6, ambayo ni sawa na diploma, kwa kawaida huitisha C-, ngazi ya 5 huitisha D, na za chini yake huwapokea hata waliopata chini ya hapo. Mwanafunzi husajiliwa kwa jina lake na kupewa nambari. Ukisomea mtaala wake, uliza utasajiliwa mwezi gani, na uone usajili wa wanafunzi waliotangulia.

NITA, yenye makao yake Commercial Street kule Industrial Area, hutoa mitihani ya ufundi ya serikali kwa gredi, kuanzia ya III hadi ya I. Vyuo vingi vya Eastlands huahidi mtihani wa NITA mwishoni mwa kozi. Ahadi hiyo ni rahisi kuithibitisha, na ofisi zenyewe si mbali nasi. Kutoka Makadara au Donholm ni safari fupi. Nenda mwenyewe, taja jina la chuo, taja kozi, uliza kama wanafunzi wake hutahiniwa. Asubuhi moja ya kutembea ni nafuu kuliko karo nzima.

KNQA, ya mwaka 2014, haimtahini mtu. Ndiyo inayotunza mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu, na humo ndimo kila cheti kinamopangwa katika ngazi yake. Utaihitaji siku mwajiri wa nje atakapouliza cheti chako ni sawa na nini.

Kando ya hizi nne kuna cheti kingine, ambacho ndicho watu wengi hupewa: cheti cha ndani, kilichochapishwa na chuo chenyewe, kutahiniwa na chuo chenyewe na kutiwa sahihi na mwenye chuo. Sisemi hakina maana yoyote. Familia ya Umoja inayomtafuta mtu wa kumkalia baba yao inaweza kukikubali, hasa ukiletwa na mtu wanayemwamini. Lakini hospitali kubwa na waajiri wa ng'ambo hawakitazami mara mbili. Bei yake na iwe ya kadiri hiyo.

Ukifika ofisini, usiketi na karani wa kusajili peke yake. Omba kumwona mwalimu. Muulize yeye ni nani: ni muuguzi mwenye leseni? Muuguzi wa kweli hataona haya kukupa jina lake kamili, na Baraza la Wauguzi lina njia ya kutafuta leseni mtandaoni. Muulize chumba cha mazoezi kiko wapi, ukione kwa macho. Kiwe na kitanda kinachopanda na kushuka, sanamu ya mazoezi, mashine ya presha, kiti cha magurudumu, na maji ya bomba yanayotoka. Chuo kisicho na sinki kitakufundishaje kunawa mikono?

Na pesa. Ulizia jumla ya kila kitu iandikwe kwenye karatasi moja: usajili, karo, sare, vitabu, ada ya mtihani, ada ya mazoezi ya hospitalini. Mara nyingi bei iliyo kwenye tangazo ni ya karo tu, na ada ya mtihani hutajwa wiki mbili kabla ya mtihani, wakati huna pa kukimbilia. Lipa kwa nambari ya paybill au akaunti ya benki yenye jina la chuo. Ukiambiwa utume kwa nambari ya simu ya mtu, hata awe mkurugenzi, ondoka.

Hospitalini ndiko kozi iliko

Hapa ndipo ningekusihi uulize kuliko popote. Mazoezi ya hospitalini ni ya muda gani, na ni hospitali ipi? Usikubali "tuna uhusiano na hospitali nyingi." Taka kuona barua ya makubaliano. Hospitali kama Mama Lucy Kibaki, ambayo inahudumia watu wa Umoja, Komarock, Kayole, Dandora na kwingineko, haiwezi kumfungulia wadi kila anayebisha. Utahitaji barua ya chuo, na mara nyingi bima ya ajali na ada. Vyuo vingine huwatuma wanafunzi katika zahanati ndogo za mtaani, ambako mtu hushinda akifagia na kupanga faili. Mazoezi ya namna hiyo hayakufundishi kumwinua mtu. Ziko pia nyumba za wazee, kama ile ya Cheshire kule Kariobangi, na huko kuna somo ambalo wadi ya dharura haina: subira ya kumlisha mtu mmoja kwa saa nzima.

Beba daftari la mazoezi, na kila ulichofanya kitiwe sahihi na muuguzi wa zamu siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi. Wauguzi huhamishwa wadi, na anayekukumbuka leo hatakuwepo wakati huo.

Ili ujue kama unafundishwa, wacha nikuonyeshe mambo machache yanayopaswa kuwa mikononi mwako ifikapo nusu ya kozi.

Mzee amepigwa na kiharusi, mkono wa kushoto umelegea. Unamvisha shati. Asiyefundishwa huanza na mkono mzima kwa kuwa ndio unaoitikia, halafu anabaki kuuvuta ule uliolegea nyuma ya mgongo hadi bega linateguka na mzee analia. Aliyefundishwa huingiza mkono wake mwenyewe ndani ya shati kutokea mwisho wa mkono wa shati, akaushika mkono uliolegea kama anayesalimiana nao, akaupitisha taratibu, shati likapanda begani, likazungushwa mgongoni, na mkono mzima ukaingia wenyewe mwisho. Kuvua ni kinyume: mkono mzima hutoka kwanza. Nusu dakika ya maelezo, lakini bega la mzee huyo litakushukuru kila asubuhi.

Au kumwosha mtu kitandani. Unaanza na macho, kutoka kona ya puani kwenda nje, kila jicho na sehemu yake safi ya kitambaa, bila sabuni. Unashuka ukiosha sehemu moja na kuifunika kabla ya kufunua nyingine, maana aibu haiishi kwa sababu mtu ni mgonjwa. Mwanamke huoshwa kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, ili uchafu wa haja kubwa usiingie kwenye njia ya mkojo. Kabla ya yote unasema: "Shosho, nataka kukuosha sasa, nikianza na uso. Maji yako sawa, ama ni baridi?" Hata kama hajajibu mtu kwa mwezi mzima, unamwambia.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na saa inaandikwa. Humvuti kwa kwapa ukamkwaruza kwenye godoro. Unamtelezesha kwa shuka iliyokunjwa chini ya mgongo, watu wawili mkihesabu pamoja, magoti yenu yakiwa yamekunjwa ili migongo yenu isiumie. Kisha unatazama visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Wekundu usioondoka ukibonyeza kwa kidole ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane, kwa hiyo unagusa kutafuta joto, ugumu au maumivu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Mwalimu wako wa Nairobi hana budi kukufundisha kwa ngozi yetu.

Kuna pia mfuko wa mkojo, ambao lazima ukae chini kuliko kibofu, usiwekwe juu ya mapaja wakati mgonjwa anapelekwa msalani. Kuna kulisha: mgonjwa ameketi wima, kijiko kidogo, kumeza kwanza ndipo kingine, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Kuna taka: ndoo nyeusi kwa za kawaida, ya njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye hatari zaidi, na kisanduku cha pekee kwa vyenye ncha kali. Na kunawa mikono, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, hata ulipokuwa umevaa glavu.

Ukiona umefika mwezi wa pili na bado mnanakili maandishi ubaoni, sema. Semeni pamoja, darasa zima, kwa maandishi.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Huchomwa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Ukisubiri hadi siku ya kuingia wadi, umechelewa. Anza wiki unayojisajili.

Kwa wewe uliye tayari kazini

Mitaa yetu imezeeka. Buruburu iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana wenye mishahara, leo ina wazee ndani ya nyumba zilezile, na watoto wao wako Ruaka, Kitengela au Texas. Kaloleni, Maringo na Jericho ni vivyo hivyo. Wanaowatunza wazee hawa wengi wao ni akina mama waliojifunzia kazini, wengine kwa miaka, na baadhi yao wana mikono mizuri kuliko mwenye cheti.

Kwenu kuna njia ambayo haitangazwi kwenye nguzo za stima: utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mfumo huu uko chini ya KNQA, na tathmini hufanywa na taasisi zilizoruhusiwa, NITA ikiwa mojawapo. Hutarudi darasani kuanza upya. Unaleta ushahidi wa kazi uliyofanya, unahojiwa, unaonyesha kwa vitendo, na ukifaulu unapewa cheti cha ngazi unayostahili. Ushahidi ni barua za familia ulizohudumia zenye tarehe, majukumu na nambari za simu, cheti cha huduma ya kwanza ikiwa unacho, na daftari unaloandikia saa za kugeuza na kulisha. Ziombe barua hizo mapema, mzee angali hai na familia ingali pamoja. Baada ya mazishi watu hutawanyika, na hakuna atakayekumbuka kukuandikia.

Ahadi ya ng'ambo

Wengi huingia kozi hii wakiwa na macho yao Marekani, Uingereza, Ujerumani au Ghuba. Si kosa. Lakini kila nchi ina lango lake, na cheti cha Nairobi hakifungui lango lolote peke yake.

Marekani, sheria ya shirikisho iliyotokana na mageuzi ya mwaka 1987 inamtaka msaidizi wa muuguzi katika nyumba za wazee apate mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwemo saa 16 za vitendo chini ya uangalizi, kisha afanye mtihani wa maarifa na wa vitendo, na jina lake liingizwe katika daftari la jimbo. Majimbo mengine huongeza: California ni saa 160, Maine ni 180. Kozi hiyo hufanyiwa huko, katika chuo kilichoidhinishwa na jimbo, kwa hiyo Wakenya wengi unaowasikia wakifanya kazi hiyo walifika kwanza kwa njia nyingine, kama masomo, ndoa au bahati nasibu ya green card, ndipo wakasoma. Ukiwa na ndugu aliye karibu kusafiri, mwambie jambo hili ambalo wengi hulilipia bila kujua: akiwa ameajiriwa au ameahidiwa kazi na nyumba ya wazee inayopokea fedha za mipango ya serikali ya Medicare au Medicaid, hatozwi ada ya mafunzo, na akijilipia mwenyewe kisha akaajiriwa ndani ya miezi 12, ana haki ya kudai arudishiwe. Na akikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, atalazimika kusoma na kutahiniwa upya.

Uingereza ilifungua viza kwa wahudumu wa kutunza wazee Februari 2022. Machi 2024 ikawazuia kwenda na familia, na tarehe 22 Julai 2025 ikafunga kabisa uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka ng'ambo. Wakala anayekuuzia leo kozi ya wiki nne "ya kwenda UK kutunza wazee" anakuuzia mlango uliofungwa. Ujerumani ilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na Kenya Septemba 2024, lakini mkataba huo haukumpa mtu yeyote kazi. Uuguzi kule ni mafunzo ya miaka mitatu yenye posho, na kabla ya yote unatakiwa Kijerumani cha B1 au B2. Miezi ya lugha ndiyo gharama yako halisi. Ukiwa na nia ya Ujerumani, pesa za kozi fupi ziweke kwenye Kijerumani.

Ghuba inataka macho makali zaidi. Dada anaahidiwa kazi ya kuhudumia wagonjwa, na mkataba anaopewa kutia sahihi usiku wa kuamkia safari unasema mfanyakazi wa nyumbani. Hayo ni maisha mawili tofauti, kwa mshahara, kwa saa na kwa ulinzi. Mawakala walioidhinishwa wako katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mtandaoni, na kila anayekwenda anatakiwa kupitia mafunzo ya kabla ya safari. Soma mkataba ukiwa bado na pasipoti yako mfukoni, na usomee mahali ambapo unaweza kusema hapana.

Siku ya kuajiriwa

Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole unaweza kupeleka Huduma Centre ya Makadara bila kwenda hadi Kiambu Road. Kiombe unapokaribia kumaliza kozi, maana familia inayotafuta mhudumu huwa inamtaka kesho.

Ukipata kazi ya nyumbani, usione haya kuomba maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Inakupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo. Mhudumu anayelala kwa mgonjwa na kuamka kila saa mbili kumgeuza hajalala, na hilo lizungumzwe kabla hujaingia: nani anashika usiku, na unapumzika saa ngapi mchana. Liandikwe pia kwamba hutadunga sindano, na jina na simu ya muuguzi au daktari utakayempigia. Mwajiri anapaswa kukukata na kukulipia NSSF, na mchango wa SHA wa asilimia 2.75 ya mshahara. Ukijichoma na sindano iliyosahauliwa kwenye shuka, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua, na uende hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kisha mjulishe mwajiri kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini, nayo ya 2007, inakuhusu wewe pia, hata kama mahali pako pa kazi ni chumba cha kulala cha mzee mmoja katika Buruburu Phase Three.